Lavu ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vitenge pale Korogwe, karibu na stendi, nikawa nimeshika kitambaa cha zambarau nakipima kwa macho. Binti wa dukani akaniambia, "Kichukue tu dada, mimi mwenyewe nailavu sana hiyo rangi." Alisema vile wanavyosema wasichana wote wa umri wake siku hizi. Lakini mimi nilikirudisha kitambaa mezani, nikamtazama usoni kutafuta anachokificha. Hakuwa anaficha kitu, maskini ya Mungu, alitaka kuuza. Nilipofika barabarani nikajicheka. Mtu mzima, mwenye watoto, na bado neno hilo moja la Kizungu likitamkwa karibu yangu natega sikio kama paka aliyesikia kitu kinatembea darini.

Nililisikia mara ya kwanza nyumbani kwetu Sindeni, huko Handeni, baba alipooa mara ya pili. Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule, nikalelewa na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa akinunua mahindi na mbaazi vijijini na kuzipeleka Korogwe, kwa hiyo tulimzoea kama mtu wa kuja na kuondoka. Safari moja alirudi na mwanamke mrefu, mwenye rangi ya maji ya kunde, amejifunga kanga mpya ambayo ilikuwa bado haijafuliwa hata mara moja.

"Huyu ni mama yako mdogo," baba akaniambia. "Mwamkie."

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanishika shavu. Bibi naye akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, halafu akamuuliza jina.

"Salama, mama."

"Na kabla ya Salama?"

Maana bibi alikwishasikia kwamba ni Msambaa wa Vugiri, mtoto wa nyumba ya Kikristo, na kwamba amesilimu ili aolewe. Mama mdogo hakubabaika. "Stela," akasema. Bibi akatikisa kichwa taratibu, na jioni tukiwa wawili jikoni akaniambia, "Mtu mwenye majina mawili, mchunge kwa macho mawili." Nami nikaanza kumchunga.

Siku ile ile tulikula ugali na mlenda. Mama mdogo alimega tonge, akachovya, akafumba macho kidogo, akasema, "Jamani, naulavu huu mlenda!" Baba akacheka. Bibi aliacha kutafuna. Mimi sikulielewa neno, ila nilielewa kwamba bibi hakulipenda, na kwa mtoto wa nyumba ile hilo lilitosha.

Baada ya hapo neno likawa halikauki. Mama mdogo aliilavu mvua. Aliulavu upepo wa asubuhi. Aliilavu sauti ya muadhini wetu, ambaye kijiji kizima kilijua ana sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Siku moja nilimletea kuni, akanivuta kwake na kusema, "Zaina wangu, nakulavu," kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mlenda. Nilijitoa mikononi mwake nikaenda kukaa nyuma ya choo kufikiri. Kwetu watu hawakutangaza mambo kama hayo. Bibi hakuwahi kuniambia ananipenda. Aliniwekea kichwa cha samaki, alinitemea mate kidogo utosini nikipiga chafya, alinichapa nikichelewa kuteka maji lamboni. Sasa huyu wa kutoka milimani anatoa neno kubwa hivyo kwa mlenda na kwa mtoto kwa kipimo kimoja, ana nini?

Shuleni nilimuuliza mwalimu wa Kiingereza maana yake. Alikuwa kijana mgeni, mwenye viatu vya kung'aa. Akacheka, akageuka akaliandika ubaoni. Darasa zima tukalisoma kwa sauti, "lo-ve!" Akasema hapana, linaandikwa hivi ila linatamkwa lavu. Maana yake kupenda. "Kupenda kupi, mwalimu?" nikauliza. Wavulana wa nyuma wakapiga miluzi. Mwalimu akasema, "Kupenda kwa wapendanao," akafuta ubao haraka kabla mwalimu mkuu hajapita.

Nilirudi nyumbani nikiliwaza njia nzima. Neno linaloandikwa hivi na kutamkwa vile. Nilimpelekea bibi habari zote mbili, maana na maandishi. Akaendelea kupeta mahindi, kisha akasema, "Kumbe."

Sisi wa rika langu tunakumbuka simu zilivyoingia vijijini. Mama mdogo alikuja nayo, ndogo, yenye kioo kilichopasuka pembeni, akaifunga ndani ya soksi ya mtoto. Soksi yenyewe niliitilia shaka, kwa sababu mtoto mchanga hakuwapo. Mtandao kwetu ulikuwa haukamati ila mahali pamoja, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, upande wa shamba la mbaazi. Ukimwona mtu amesimama pale juu kama mnara, ujue anaongea. Baba akipiga kutoka Korogwe, mama mdogo aliongea naye Kiswahili kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: mahindi, afya, salamu kwa fulani. Lakini kulikuwa na simu nyingine. Hizo alizipokea baba akiwa hayupo, akageuzia nyumba mgongo, akazungumza Kizungu.

Bibi aliniita siku moja nimetoka shule, nikiwa bado na sare.

"Wewe si unasoma?"

"Nasoma, bibi."

"Basi nenda kwenye mbaazi ukasikilize hicho Kizungu."

Mbaazi zilikuwa zimenipita urefu. Nilijipenyeza nikachuchumaa karibu na kichuguu, siafu wakinipanda miguuni, na nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Kiingereza changu kilikuwa cha "huyu ni ng'ombe, yule ni mbuzi." Maneno yalipita juu yangu kama ndege wasiotua. Lakini mwishoni, sauti yake ikiwa imeshuka, nililisikia wazi: "Ai lavu yu. Ai lavu yu tuu." Kisha akakata, akabaki amesimama, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Nilimweleza bibi yote, na machozi nikamweleza. Bibi hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo na sasa ameukuta mfukoni mwake.

"Yuko mwanaume," akasema.

"Tumwambie baba?"

"Baba yako akiambiwa kitu juu ya mke bila ushahidi, atamwamini mke. Subiri."

Tukasubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa kazi. Nilihesabu kila jambo kuwa dalili. Mama mdogo alipika vizuri: anatulaghai. Alinyamaza: anamuwaza. Alifua shuka: kwa nini leo? Jambo lililonisumbua kupita yote lilikuwa sweta. Alianza kufuma sweta la bluu, yeye na sindano zake mbili, mchana katika jua la Handeni ambalo hata mbuzi hulikimbia. Aliniita, "Zaina, simama nikupimie," akanilazia lile sweta mgongoni, akavuta mikono yake mpaka kwenye vifundo vya mikono yangu. Nililainika. Nilijisemea, labda bibi amekosea. Sweta likaisha, zuri, lenye vifungo vyeupe. Nikangoja nipewe. Siku ya pili halikuwapo ndani ya nyumba, na hakuna aliyelitaja.

Shule zilipofungwa, mama mdogo akamwambia bibi kwamba mama yake kule Vugiri anaumwa miguu na angependa akamwone. Baba alikuwa safarini, ila alikwisharuhusu kwa simu. Bibi akasema bila kuinua macho, "Nenda. Zaina atakusindikiza, asije akakaa bure hapa."

Mama mdogo alinitazama kwa muda. Nilidhani atakataa, na nikajua akikataa ndio ushahidi wenyewe. Akasema tu, "Haya. Lete nguo zako nizikunje."

Asubuhi ya kuondoka bibi alinifunga kilemba vizuri, akaniinamia sikioni: "Fumbua macho. Atakayekuja kumpokea, mtazame sura, mtazame viatu."

Tulipanda gari hadi Korogwe, kisha tukatafuta lingine la kupanda mlimani. Pale stendi alipiga simu, akisema Kizungu haraka haraka na kucheka, nami nikamtazama kila mwanaume aliyepita. Muuza machungwa mmoja alitusalimia kwa uchangamfu mno, nikamwandika kichwani, sura na viatu. Lakini hakutufuata. Gari lilianza kupanda, masikio yakaziba, na joto la kwetu likabaki chini kama nguo iliyovuliwa. Ukungu ukaingia madirishani. Mashamba ya chai yalikuwa yamekatwa sawasawa kama kichwa kilichonyolewa, na mimi nilivuta kilemba mpaka masikioni.

Tuliposhuka, aliyekuja akikimbia kwenye njia ya mteremko hakuwa mwanaume. Alikuwa msichana wa kimo changu hasa. Alivaa sweta la bluu lenye vifungo vyeupe.

"Mami!" akapiga kelele, akamrukia mama mdogo shingoni hata mzigo ukaanguka. Wakashikana, wakasemezana Kizungu kingi chenye machozi, na lavu zikaruka huku na huku. Mimi nilisimama kando na kifurushi changu. Kisha yule msichana akanigeukia, akanitazama toka kilemba mpaka miguu, akasema kwa Kiswahili cha lafudhi ya kwao, "Ndiye huyu? Nailavu nguo yako." Nilikuwa nimevaa gauni la shule ya Kurani lililochakaa kwenye viwiko. Nikajua ananicheka.

Anaitwa Neema. Mama mdogo alimzaa akiwa msichana, na baba wa mtoto hakusubiri hata kumwona. Baadaye mama mdogo alipata kazi ya kulea watoto katika nyumba ya wageni waliosimamia mashamba ya chai, na Neema akakulia miguuni mwa wale watoto wa Kizungu, lugha yao ikawa lugha yake ya kuchezea. Wale wageni waliondoka. Kizungu kikabaki kati ya mama na binti. Yote haya nilielezwa jikoni kwa mama yake mama mdogo, ambaye kweli alikuwa anaumwa miguu, nikiwa nimeshikilia gimbi la moto nisilolila.

"Baba anajua?" nikauliza.

"Baba yako anajua tangu siku ya kwanza," mama mdogo akasema. "Bibi yako hajui. Alimwambia baba yako aoe amtakaye, ila asimletee mwanamke mwenye mtoto."

"Ndiyo maana mnasema Kizungu?"

Neema ndiye aliyejibu. "Mama anasema kwenu kuna masikio."

Niliinamia gimbi langu. Mama mdogo hakucheka, wala hakunikazia macho. Akajifuta majivu mikononi, akakaa karibu yangu kwenye kigoda.

"Zaina, sikiliza. Sitakuambia ufiche. Wewe ni mtoto, huu si mzigo wako. Bibi akikuuliza, mwambie ulichokiona."

"Akikufukuza?"

"Atakuwa amenifukuza kwa kweli yangu."

Tulikaa kule siku kadhaa, nami shaka haikuniisha, ilihamia mahali pengine. Nilipokuwa Sindeni niliogopa kwamba mama mdogo ana mtu mwingine. Sasa nilimwona huyo mtu, ana meno yaliyopishana na vicheko vingi, na kila asubuhi anakaa katikati ya magoti ya mama mdogo akisukwa. Baada yake mimi niliitwa, nikakaa mahali pale pale penye joto la mwingine. Nilisikiliza vidole kichwani mwangu. Je, ananisuka kwa upole kama alivyomsuka mwenzangu? Ananisuka haraka ili amalize? Neema alipogundua kwamba najibana, aliniletea kikombe cha chai ya rangi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe unaye kila siku. Mimi ninaye kwenye simu." Nikanywa chai.

Tulirudi Sindeni mchana. Bibi alikuwa uani anapukuchua mbaazi, na sikumbuki kama alitujibu salamu. Mama mdogo alisimama katikati ya uwanja na mfuko wake mkononi. Hakuutua.

"Haya, Zaina," bibi akasema, kana kwamba mama mdogo hayupo. "Umemwona?"

"Nimemwona, bibi."

"Mtu gani?"

Nilimwangalia mama mdogo. Alikuwa akitazama kichuguu. "Hakuna mwanaume," nikasema. "Ni msichana. Anaitwa Neema, yuko kama mimi. Ni mtoto wake wa kumzaa."

Mbaazi ziliacha kudondoka kwenye ungo.

"Anayeambiwa Kizungu ni huyo?"

"Ni huyo."

"Na baba yako anajua?"

Nilisita hapo. Niliona kwamba jibu hili ndilo litakalomchoma. "Anajua," nikasema.

Bibi aliinuka, mbaazi zikamwagika kutoka mapajani, akaingia chumbani kwake akafunga. Hakutoka kula. Mama mdogo akautua mfuko, akaokota mbaazi moja moja mpaka zikaisha, akapika, akaweka sahani mlangoni kwa bibi, ikapoa, akaiondoa. Baba alirudi kesho yake, na yeye na bibi, mama na mwana, wakasemezana Kizigua kikali, maneno ambayo sikuruhusiwa hata kuyajua. Nilisikia bibi akirudia jambo moja: umenificha mimi, mimi niliyekuzaa. Baba alitoka akakaa kwenye gogo, mikono kichwani, mwanaume mzima. Mimi nilimsubiri mama mdogo afunge mizigo. Kila alipoingia ndani nilimfuata, nikijifanya natafuta kitu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja. Mama mdogo alikuwa jikoni anachochea moto, na bibi akaenda akakaa mlangoni pa jiko, miguu nje, kichwa kivulini. Alizungumza akiutazama uwanja, si mtu.

"Mimi nilipoolewa hapa nilikuwa nimekwisha kuzaa. Sikuja naye. Niliambiwa nimwache kwa watu wa baba yake, kule Mazingara. Nikamwacha. Wa kike. Akaja akapata surua. Nilipopata habari walikuwa wamekwisha kumzika."

Ufagio wangu ulisimama wenyewe. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba baba ana dada.

Mama mdogo alitoka kwenye moshi polepole. "Pole, mama," akasema.

"Nilidhani ndivyo inavyokuwa," bibi akasema. "Mwanamke anaingia kwa mume mikono mitupu. Nilidhani ndiyo sheria." Akavuta miguu yake kivulini. "Kwenye hiyo simu, huwa unamwambia nini?"

"Namwambia nampenda, mama. Yeye ananiambia na yeye ananipenda. Basi."

"Basi?"

"Na kwamba ale."

Bibi akapangusa pua yake kwa kanga. Akaniona nimesimama na ufagio, akanikemea nifagie. Hakusema lolote zaidi siku ile, wala wiki ile. Aliendelea kumwangalia mama mdogo kwa pembe ya jicho, na mimi niliendelea kumwangalia bibi, kwa sababu sasa yeye naye nilikuwa simjui. Nilijiuliza ameficha mangapi mengine katika nyumba ambayo nilidhani naijua kila ufa. Usiku mmoja wa kula daku, Ramadhani ilipoingia, alimwambia baba kwa ghafla, akimwaga maji ya kunawa, "Yule mtoto shule zikifungwa aje. Chumba cha Zaina kina nafasi." Nafasi haikuwapo, lakini hakuna aliyembishia.

Siku ya Neema kuja, baba alisema ataenda yeye barabarani kumpokea. Bibi akakataa. Alijifunga kanga yake ya harusi za watu, akapaka mafuta miguu, akashika njia katika jua kali, mama mdogo na mimi tukimfuata nyuma. Nilikuwa na hofu. Nilidhani anakwenda kumtazama kwanza, akimkuta hafai amrudishe kwa gari lile lile. Alikaa kwenye jiwe la pembeni akipunga nzi, na kila gari lililotokea kwa mbali alisimama, akakaa tena.

Gari lilipofika, Neema alishuka amekumbatia begi, sweta limefungwa kiunoni, amechanganyikiwa na joto. Akamwona mama yake, akaanza kukimbia, halafu akamwona bibi amesimama mbele, akajizuia. Akapiga goti nusu, pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia upesi. Alimshika mkono akaugeuza, akautazama kiganja na vidole, akatazama miguu yake, akamshika kidevu akautazama uso kwa muda mrefu hata utingo wa gari akaacha kupakia ili aone. Nilijua hapa sasa anatafuta kasoro. Kisha akalichukua begi, akajitwika mwenyewe kichwani, yeye aliyekuwa habebi hata ndoo ya maji nikiwapo.

"Marahaba," akasema. "Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

Akageuka akatangulia njiani, Neema akimfuata. Mimi nilibaki nikimshangaa, kwa sababu siku ile gari lilikuwa limewahi.